Pacha wa Sanda

Shuka lililofunika kompyuta ya Butoyi lilikuwa pacha wa sanda. Vyote viwili vilikatwa katika jora moja, kwa mkasi mmoja, asubuhi ya msiba, shangazi yake Marguerite aliposimama mbele ya muuza vitambaa na macho yaliyovimba, akasema kwa sauti isiyotaka kuulizwa mara mbili, "Vipande viwili, na vilingane." Muuza vitambaa alidhani wamekufa wawili. Aliposikia kwamba aliyekufa ni Bukuru peke yake, hakushangaa tena. Naye alikuwa mtu wa Murubona. Alijua nyumba yenye mapacha hununua vipi.

Katika nyumba ya Winifrida, mama yao, kilichonunuliwa kwa mmoja kilinunuliwa na kwa mwenzake. Ndivyo alivyofunzwa na mama yake, na mama yake alifunzwa na wale waliovuka mpaka wa Manyovu na vikapu kichwani, zamani za vita: pacha asinyimwe alichopewa mwenziwe, asije akanung'unika moyoni akajiondokea. Mashati mawili. Madaftari mawili. Yai moja lililogawanywa kwa uzi wa kushonea. Bukuru alipong'olewa jino, Butoyi, ambaye meno yake yalikuwa mazima kama punje za mahindi, alilazimishwa kusukutua maji ya chumvi mpaka akalia, na kilio chake kikapokewa na jamaa wote kuwa ni haki iliyotendeka.

Kwa hiyo shuka la pili lilipofika nyumbani lilikuwa la Butoyi, na hakuna aliyemwambia alifanyie nini. Alilipakata siku nzima ya mazishi kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mgeni. Waombolezaji walipotawanyika, aliingia chumba cha nyuma, akachomoa waya ukutani, akakifunika kitu kimoja ambacho hakuweza kukitazama.

Mashine ile waliijenga wenyewe. Ilianza maisha yake katika ofisi ya wahudumu wa wakimbizi kule Kibondo, ikiandika majina ya watu na vipimo vya mafuta ya kupikia. Kambi ilipofungwa, ofisi ikanadi samani zake, na mapacha wakaja nayo Kasulu juu ya magunia ya maharage, ikiwa bado na kibandiko cha namba ubavuni. Kidogo kidogo wakaivisha: leo ramu, kesho kadi ya picha, mpaka karani yule mpole akageuka mwanamichezo. Vijana wa Murubona walijaa kwenye mabenchi ya chumba kile, wakicheza mpira wa kwenye kioo na kutukanana kwa mapenzi.

Ilikuwa na kikohozi. Kila ilipowaka, feni yake iligonga mara chache, kama mzee anayesafisha koo mlangoni kabla ya kubisha hodi, kisha ikaanza kunguruma. Bukuru alikipoza kwa kupachika kipande cha kitenge kuukuu kati ya feni na chuma, lakini hakutaka kukimaliza kabisa. "Mtu anayeingia bila kukohoa ni mwizi," alisema. Na kwa kuwa umeme huondoka bila kuaga, aliiwekea mpangilio wa kujiwasha yenyewe umeme urudipo. Basi umeme ulipokatika mchana na vijana wakatoka kuota jua, ni kikohozi kile kilichowaita ndani. Winifrida, aliyekuwa akichagua maharage katika chumba cha pili, alizoea kukijibu kupitia ukutani: "Karibu."

Bukuru aliondoka wakati wa mvua za Aprili, kwa homa iliyopanda kichwani upesi kuliko gari la kumkimbiza hospitali. Butoyi akabaki na jina ambalo maana yake ni mdogo, bila mkubwa wa kulithibitisha.

*

Maharage yalipokwisha kupurwa, baba mdogo Habonimana alikuja kupanga siku ya kuganduka, ndiyo siku ya kuvua msiba. Alikuwa mtu mpana, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata akila, na alizungumza juu ya mambo mazito kama anavyozungumza mtu anayepima mbao: bila chuki, bila haraka, akitaka tu kingo zikutane.

"Kabla kibuyu cha pombe hakijazunguka," alisema, "kila kitu cha marehemu kitatajwa mbele za watu na kupewa mlinzi. Hilo mnalijua. Kitu kisicho na mlinzi humwita mwenyewe, na mwenyewe tunataka apumzike. Baiskeli nimesikia inakwenda kwa Marguerite. Koti anachukua mjomba wenu Nizigiyimana. Sasa ile kompyuta."

"Ile ni yetu, baba mdogo," Butoyi alisema.

"Ni yenu, sikatai. Nusu yake ni ipi?"

"Haina nusu."

"Kila kitu kina nusu, mwanangu. Mbuzi ana nusu. Shamba lina nusu, tena kwa hilo watu hukatana mapanga. Nionyeshe nusu ya Bukuru niipe mlinzi, au itoke yote kama ilivyo. Kuna Evaristi wangu kule Kitanga, anasoma mambo hayo hayo. Angeitunza."

"Haiwaki vizuri."

"Kama haiwaki, unaing'ang'ania ya nini?"

Winifrida alisogeza kikombe. "Shemeji, chai inapoa."

Habonimana akanywa. Hakuwa mtu mbaya. Ni yeye aliyechimba kaburi kwa mikono yake, akikataa kupokewa jembe, na alipotoka shimoni alikuwa amezeeka. Aliaga kwa kumgusa Butoyi begani. "Fikiri tu," alisema. "Sikukimbizi. Siku ndiyo inayokimbia."

Alipokwisha kwenda, Butoyi aliingia chumba cha nyuma, akalivua shuka na kurudisha waya ukutani.

Mashine ikakohoa.

"Karibu," Winifrida alisema kutoka chumba cha pili. Neno lilimtoka kabla hajalizuia. Ungo wake, uliokuwa ukiwayawaya na maharage, ukanyamaza, na kimya kile kilipenya ukuta kuliko sauti yoyote. Butoyi hakuthubutu kugeuka. Alitazama kioo kikipata rangi, alama ya ligi yao ikijitokeza, jina la kaka yake likiwa juu ya lake kama ilivyokuwa daima. Kisha, kabla hajagusa chochote, mashine ikazimika yenyewe, kwa mlio mdogo wa kitu kilichochoka.

*

"Ni hiki kisanduku cha umeme," alisema Aksanti, akiinusa mashine kama mpishi anayenusa sufuria. "Kimeungua polepole. Lakini hata ukikibadilisha, Toyi, iko mzee. Ile mupira mupya haitaiweza."

Aksanti alizaliwa Nyarugusu, katika kambi, na wazazi waliotoka Kivu. Alikuwa mkalimani wa wagonjwa kule, na alipopata kibali cha kutoka alikuja Kasulu kuuza vitenge vya dada yake Sophie, na kufungwa mabao na Bukuru. Tangu msiba alikuwa amekuja mara nyingi, akakaa uani na Winifrida, akamsaidia kuchagua maharage. Leo ndiyo mara ya kwanza kuingia chumba cha nyuma.

"Sasa nifanyeje?"

"Kuna njia mbili. Ukiweka kisanduku tu, itaamka, utaiangalia, utalia, basi. Ukitaka icheze, unatoa madabodi, huu ubao unaobeba vyote. Unatoa prosesa, ramu, byote. Unaweka piyesi zingine. Inabaki kasha."

"Ikibaki kasha, itakuwa bado ileile?"

Aksanti alicheka kidogo kwa puani. "Hilo unauliza mukimbizi? Kule kwetu tulibadilishiwa hema wakatupa nyumba, wakatubadilishia karatasi, wakatubadilishia hata mutaa. Mama bado ananiita jina lilelile nikichelewa kula."

"Mtu si mashine."

"Basi usiiulize mashine maswali ya mutu." Alifuta vumbi jekundu kwenye kasha kwa kiganja, taratibu. "Na yule mwenyewe angekwisha kuibadilisha kitambo. Bukuru? Yule alikuwa anabadilisha hata sheria za mupira akiona anafungwa."

Butoyi alitabasamu, na tabasamu likamchoma. Ilikuwa kweli. Bukuru hakuabudu chuma. Kila walipotoa kifaa cha zamani alikirusha hewani na kukidaka, akisema, "Pumzika, mzee." Anayeogopa alikuwa yeye, na hofu yake haikuwa juu ya vyuma.

Katika maisha yake yote hakuwahi kumiliki kitu kipya peke yake. Hata maneno aliyatumia kwa ushirika. Bukuru alianza sentensi na yeye akaifunga mlango. Bukuru alimtangulia kuzaliwa kwa muda wa chai kuchemka, na muda huo mfupi ulikuwa umetosha kuyapanga maisha yao yote: nani aingie kwanza mlangoni, nani ajibu wageni, jina la nani liwe juu. Sasa kila siku ilimsogeza Butoyi mbele. Mwezi wao wa kuzaliwa ulikuwa unakuja na mvua. Ukifika, angekuwa na umri ambao Bukuru hakuufikia, na mdogo angemzidi mkubwa kwa miaka kama mto unavyolipita jiwe. Kuweka vipya ndani ya mashine ile kulikuwa ni kukubali kwenda huko peke yake. Kuiacha ilivyo kulikuwa ni kuketi kando ya jiwe. Na kumwachia Habonimana aipeleke Kitanga kulikuwa ni kusema kwamba pale hapakuwahi kuwa na jiwe wala mto.

"Ningekusindikiza Kibondo," Aksanti alisema, "lakini kibali changu hakifiki huko. Nenda kwa Gharibu. Mwambie Aksanti anasema asikuuzie takataka."

*

Basi liliteremka Makere, likavuka daraja la Malagarasi, likapanda tena kwenye miombo. Butoyi aliketi upande wa ndani, akaacha kiti cha dirishani. Lilipofika Mvugwe, mama mmoja mwenye kapu la karanga alimwuliza kama pale pana mtu, na ndipo Butoyi alipogundua kwamba alikuwa amemwekea Bukuru nafasi. "Hapana," alijibu, na akasogea mwenyewe dirishani.

Duka la Gharibu lilikuwa nyuma ya soko la Kibondo, nalo lilikuwa makaburi na wodi ya wazazi kwa pamoja. Kompyuta za ofisi zilizohama zilirundikwa hadi darini, zikiwa zimefumuliwa matumbo, na kando yake, juu ya meza safi, zilipangwa zile zilizofufuliwa. Gharibu alikuwa mtu wa Ujiji, mwembamba, mwenye kanzu iliyokunjwa mikono na miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Bukuru," alisema, akiinua uso.

"Butoyi."

"Haya, Butoyi. Mungu angewatia alama hata ya sikio, tukapumzika. Mwenzako yuko wapi?"

Butoyi alikuwa amejiandaa kwa maswali mengi, si kwa hilo. "Yuko Kasulu," alisema.

Jibu lilikuwa la kweli. Yuko Kasulu, kwenye mteremko unaotazama milima ya Heru, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimeanza kushika.

"Amekuachia uchague peke yako? Huyo ameoa," Gharibu alisema kwa furaha ya mtu aliyefumbua kitendawili. "Mtu akianza kukaa nyumbani namna hiyo, ujue ameoa. Mwambie sijapata wali."

"Nitamwambia."

Uso wa Butoyi ulitabasamu bila yeye. Angeweza kumwambia. Lakini kwa muda mfupi, katika duka lile la vumbi, Bukuru alikuwa mtu aliyeoa, aliyekawia nyumbani kwa ajili ya mke, na Butoyi hakupata moyo wa kumnyang'anya.

Walichagua polepole. Gharibu alileta madabodi yenye prosesa yake, akaigeuzageuza mwangani. Akaleta ramu na kadi ya picha. Kila mara Butoyi alijisikia neno fulani likimpanda ulimini, na kila mara alilimeza, akasema, "Moja." Neno hilo lilikuwa na ladha ngeni, kama maji ya kisima cha mbali. Mwishoni, alipokuwa amechoka kujilinda, Gharibu alisema, "Na kisanduku cha umeme. Kile chenu kilishazeeka, hiki kitazibeba nguvu zote hizi."

"Nipe viwili," alisema Butoyi.

Gharibu hakuuliza. Kwa mapacha wale, hesabu ilikuwa ikianzia pale. Akafunga vyote, akatia kwenye mfuko wa sandarusi, akamtakia safari njema na salamu kwa bwana harusi.

Ilikuwa darajani, basi likiwa juu ya maji ya Malagarasi, mkono wake ulipoingia mfukoni kupanga mizigo isigongane. Uligusa kisanduku. Ukagusa kisanduku kingine, chenye kona zilezile na ubaridi uleule. Alivipapasa vyote viwili kwa muda, kama kipofu anayesoma uso. Mashine ilitaka kimoja. Ilikuwa moja, na yeye alikuwa mmoja, na hata hivyo mdomo wake ulikwenda sokoni na kununua kwa ajili ya wawili.

Hakulia siku ya mazishi, watu walimsifu. Hakulia shangazi alipompa shuka. Sasa alilia, paji la uso likiwa kwenye kioo cha dirisha, kwa sababu ya kisanduku cha chuma. Abiria wa kando yake, mzee mwenye mfuko wa mbegu, alifungua kitambaa chake, akatoa hindi la kuchoma, akalivunja katikati, akamwekea nusu kwenye goti.

*

Jumapili, watu walipotoka kanisani, Butoyi alitandika lile shuka jeupe juu ya benchi, kwa kuwa halikuwepo jingine safi, na akaanza kuifungua mashine. Alitoa kadi ya picha. Alitoa ramu, moja aliyoinunua yeye na nyingine aliyoinunua Bukuru siku ileile, zikifanana hata mikwaruzo. Alichomoa waya mmoja mmoja mahali pake, akainua ubao na prosesa na feni juu yake, akavilaza juu ya shuka kwa mpangilio ule ule vilivyokuwa ndani. Hakuwa amekusudia chochote. Ni mazoea ya mtu anayetaka kukumbuka kilikaa wapi. Lakini aliporudi nyuma akatazama, aliona mwili.

Winifrida alikuwa amesimama mlangoni, bado na kitambaa cha kanisani kichwani.

"Unamvua nguo?" aliuliza.

Mama aliingia, akaketi kwenye benchi la pili, akanyoosha mkono na kuigusa feni. Vidole vyake vilivyozoea kutofautisha haragwe zima na lililotobolewa vilikikuta kile kipande cha kitambaa, kilichofubaa kwa moshi na vumbi.

"Hiki ni kitenge changu," alisema. "Nilikivaa siku ya ubatizo wenu. Nilikitafuta mpaka nikamsingizia Marguerite."

"Bukuru alikichukua."

"Najua sasa." Akakilainisha kwa kidole. "Hivi vilivyotoka, vimekufa?"

"Havijafa, mama. Vikipata umeme mzuri vinaishi. Ila haviwezi kukaa pamoja na hivi vipya. Mmoja akiingia, mwingine lazima atoke."

Winifrida alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari ambayo alishaisikia kwingine. Macho yake yakahamia mezani, kwenye visanduku viwili vilivyosimama bega kwa bega.

"Na hivyo?"

"Mashine inataka kimoja. Nilisema viwili bila kufikiri." Akakigusa kimojawapo. "Nilikosea, mama."

Mama hakumtazama. Alianza kufungua kitambaa cha kichwani, akakikunja juu ya goti, akakikunjua tena.

"Mimi tangu Aprili nikienda sokoni mkono unashika viwili," alisema. "Sabuni mbili. Miswaki miwili. Juzi nilisimama mbele ya mashati, muuzaji ananiambia, mama, si ulikwisha kuchagua? Nikaona aibu, nikalirudisha moja, nikaja nyumbani na lako, na njia nzima nikajiona mwizi. Nilidhani ni mimi peke yangu niliyeharibika." Alishusha pumzi. "Kumbe tuko wawili, mwanangu, mwana wanje."

Nje, jogoo wa jirani aliwika katikati ya mchana, bila sababu. Winifrida aliinuka, akachukua kisanduku kimoja mezani kwa mikono yote miwili, akakiweka juu ya shuka, kando ya ubao wa zamani, mahali ambapo palikuwa wazi.

"Basi mpe cha kwake," alisema.

*

Siku ya kuganduka, ua wa Winifrida ulijaa watu waliokuja na mitungi ya pombe ya ndizi na, kwa walokole, kreti za soda. Sala ilisomwa. Nywele zilikuwa zimekwisha kunyolewa asubuhi, na vichwa vya jamaa viling'aa kama vya watoto wachanga. Baiskeli ilitajwa, ikapata mlinzi. Koti likatajwa. Kisha Habonimana akaisukuma kofia yake nyuma.

"Kompyuta. Niliuliza nusu. Nasikia jibu limepatikana?"

Butoyi aliingia ndani, akatoka amebeba kipande cha mbao cha mvule. Juu yake, vimefungwa kwa skrubu na waya, vilikaa ubao wa zamani, kadi ya picha, ramu mbili zinazofanana, feni yenye kitenge, na kisanduku kipya cha umeme. Alikiweka kwenye mkeka.

Habonimana alikizunguka. Akainama. "Hiki ndicho Bukuru?"

"Ndiyo, baba mdogo. Hivi ndivyo vitu tulivyonunua pamoja. Kasha limebaki ndani, lina vitu vyangu."

"Mbona yuko uchi?"

Kicheko kilianza kwa Nizigiyimana, kikamfikia Marguerite, kikazunguka ua mzima. Kicheko cha kwanza katika nyumba ile tangu mvua, na baadhi ya watu walikicheka huku wakijifuta macho. Winifrida alingoja kiishe.

"Nguo amemwachia mdogo wake, shemeji," alisema.

Butoyi aliinamisha kichwa. Mapacha hawarithishani nguo. Walinunuliwa mpya siku zote, pamoja, zikachakaa pamoja. Wadogo wa nyumba nyingine walikuwa wakivaa mashati ya kaka zao, yenye viwiko vilivyokwisha kupinda kwa umbo la mtu mwingine, na yeye aliwaona maskini. Sasa alifikiria lile kasha chumbani, lenye kibandiko cha ofisi iliyohama na mikwaruzo ya Bukuru ubavuni, likiwa limevikwa moyo mgeni, na kwa mara ya kwanza alijisikia mdogo wa mtu kama wadogo wengine wanavyojisikia.

"Mlinzi wake nani?" Habonimana aliuliza.

"Mimi," Winifrida alisema.

"Wewe? Mpira wake huuchezi. Utaifanyia nini?"

"Nitaisikiliza."

Habonimana aliutazama uso wake, akaona kwamba mbao zimekutana. Akaashiria kibuyu kizunguke.

Jioni ile shuka lilifuliwa. Lilipokauka, Winifrida alilikunja, akalitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Lilikuwa la Butoyi. Lingeweza kusubiri.

*

Mvua za kwanza zilikuja Oktoba, zikilipiga bati mpaka mtu asisikie alilolifikiri. Vijana walikuwa wamerudi kwenye mabenchi, lakini alasiri ile mvua ilikuwa imewazuia makwao, na Butoyi alicheza peke yake. Mashine mpya ilikuwa na mbio. Nyasi za uwanja zilionekana moja moja, nyuso za wachezaji zilitoka jasho. Haikupiga kelele yoyote. Mara nyingine alilazimika kuinama aone taa yake ndogo, ili ahakikishe kuwa iko hai.

Kelele zilitoka upande wa pili wa ukuta. Kule, juu ya kabati la vyombo, kile kipande cha mbao kilinguruma kutwa, bila kioo, bila kazi, na chini yake ungo wa Winifrida ulikwenda na kurudi. Habonimana alipopita aliwahi kusema kwamba ule ni umeme wa bure unaoharibika. Winifrida alimwambia kwamba redio yake nayo humwimbia nyimbo za watu asiowajua.

Umeme ukakatika. Kioo kikafa katikati ya shambulizi, na ngurumo ya upande wa pili ikanyamaza sekunde ileile. Zote mbili kwa pamoja. Palibaki mvua tu.

Butoyi hakuinuka. Alikaa katika mwanga hafifu wa dirisha, pedi mikononi, akitazama kasha lile kuukuu lenye kibandiko chake. Mwezi wao ulikuwa umekaribia. Mvua ilipungua, ikawa matone, ikawa sauti ya mifereji.

Balbu ya ukumbini ikawaka. Mashine yake ilibaki kimya na giza, ikingoja kidole, kama zingojavyo mashine mpya zote. Akanyoosha mkono, akakiweka kidole juu ya kitufe.

Ukutani, upande wa pili, kitu kilikohoa. Kikagonga mara moja, mara ya pili, kama mzee anayesafisha koo mlangoni. Ungo ukatulia.

"Karibu," Winifrida alisema.

Butoyi hakubonyeza bado. Alingoja kwanza mkubwa amalize kuingia.